Pikapu ya Dizeli Iliyotumika: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Gari la Nyumbani na Shambani

Sisi ni familia ya watu watano, tunalima viazi na parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Mke wangu anataka dabo kebini ili watoto wakae ndani, mimi nataka singo kebini ili nibebe mzigo. Nani yuko sahihi?

Mkeo, ingawa hoja yako ya mzigo haipaswi kupuuzwa. Pikapu nyingi za ukubwa wa Hilux hupangiwa na kiwanda uwezo wa kubeba takribani tani moja, na watu wengi husahau kwamba hesabu hiyo inajumuisha abiria. Watu watano wenye wastani wa kilo 65 ni kilo 325, kwa hiyo mnapokuwa wote garini mmebakiwa na kilo 675, yaani magunia sita ya kilo mia mia na si kumi. Hapo sijazungumzia lumbesa, ambayo hupita kilo 100 na ndiyo inayovunja springi za nyuma na kupinda chesisi. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa mita 1.5 hivi, wakati ya singo kebini hufikia mita 2.3. Hata hivyo mtoto anayepanda juu ya magunia kwenye barabara ya utelezi yuko hatarini kila safari, na mimi siwezi kumshauri mzazi yeyote anunue gari litakalomlazimu kufanya hivyo. Chukueni dabo kebini, na wakati wa mavuno kodini Fuso kwa mzigo mkubwa.

Shikamoo. Mimi ni kijana ninayeanza kilimo Babati. Fundi mmoja ananiambia nitafute Hilux ya zamani yenye injini ya 5L, mwingine anasema ninunue ya D-4D. Tofauti ni nini?

Marahaba. Tofauti kubwa ipo katika namna dizeli inavyofikishwa ndani ya injini. Injini ya 3L yenye lita 2.8, na 5L yenye lita 3.0, hutumia pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta, hazina tabo, na fundi mzuri wa kijijini anaweza kuzihudumia. Udhaifu wake ni nguvu: ukipandisha mlima mkali kama Kitonga ukiwa na mzigo, utatambaa nyuma ya malori. Injini za D-4D, yaani 2KD yenye lita 2.5 na 1KD yenye lita 3.0, zina tabo na nozeli zinazoendeshwa na kompyuta kwa mgandamizo mkubwa sana. Zinavuta vizuri na mafuta zinatumia kwa uangalifu, lakini maji au uchafu kidogo katika dizeli huua nozeli, na nozeli hizo hupimwa kwa mashine ambayo haipatikani kila wilaya.

Kwa hiyo jiulize dizeli yako itatoka wapi. Kama utakuwa unanunua ya madumu kijijini, chukua 5L. Kama utajaza kwenye kituo chenye mauzo mengi na kubadilisha filta kwa wakati bila kusubiri gari lilalamike, D-4D itakufaa zaidi. Zote nne zinatumia mkanda wa taimingi, ambao ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hugonga vali. Kama muuzaji hana uthibitisho wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, na utoe gharama hiyo katika bei.

Nimepata pikapu Morogoro, rangi inang'aa na muuzaji ana haraka. Nikague nini?

Mwambie muuzaji kwamba utakuja saa kumi na mbili asubuhi na kwamba asiiwashe kabla hujafika. Pikapu yangu ya kwanza niliinunua saa nane mchana. Niliikuta inanguruma vizuri uani, nikaambiwa imetoka kuwekwa mafuta, nikafurahi. Kesho yake alfajiri nilipiga selfu mpaka betri ikalala, na miezi miwili baadaye nililipia pampu na nozeli zote nne. Injini ya dizeli iliyochoka huficha maradhi yake ikishapata moto.

Ukifika, weka kiganja juu ya injini uhakikishe ni baridi. Fungua swichi, acha taa ya hita kwenye dashibodi izimike, kisha washa. Mtu mwingine asimame nyuma aangalie moshi. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, usioisha baada ya dakika chache, unaashiria nozeli mbovu au mgandamizo mdogo. Wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweusi kidogo unapokanyaga kwa nguvu ni jambo la kawaida kwa injini za zamani, lakini ukiwa mwingi wakati gari limetulia kuna tatizo. Kisha legeza kifuniko cha oili na ukiache juu ya tundu lake: kikirukaruka na hewa ikakupiga mkononi kwa nguvu, pistoni na ringi zimekwisha, na hapo rudi nyumbani. Fungua pia rejeta, ila ufanye hivyo kabla injini haijapata moto. Utando wa oili juu ya maji unaonyesha gasketi ya hedi imekwisha au hedi imepasuka.

Baada ya injini, lala chini. Gonga chesisi kwa bisibisi, hasa juu ya ekseli ya nyuma na mahali springi zinaposhikiliwa, kwa sababu gari lililoishi pwani huliwa na chumvi kutokea ndani, na rangi mpya nyeusi chini ya gari inanitia wasiwasi kuliko kutu ninayoiona. Mwisho liendeshe kwenye udongo, uingize gia ya magurudumu manne, kisha ile ya nguvu ya kupandia. Gia hizo zikikataa, hilo si gari la shamba hata kama bei yake ni nzuri.

Mita inasoma kilomita 120,000. Niamini?

Angalia raba za pedali, usukani na kingo za siti ya dereva. Vikiwa vimelika, mita imechezewa au imebadilishwa.

Niko Molo, Kenya. Nataka kuagiza pikapu kutoka ng'ambo. Japani au Uingereza?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka 8, na hilo linapunguza uchaguzi wako. Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, na hata iliporudi ilitoka Thailand, kwa hiyo huko si nyingi. Uingereza zipo, na usukani ni upande wetu wa kulia, lakini chunguza mambo mawili. La kwanza ni kutu, kwani barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi. La pili ni kichujio cha masizi kwenye eksozi, ambacho huhitaji safari ndefu za mwendo mzuri ili kijisafishe. Gari linalotoka shambani kwenda sokoni kilomita tano na kurudi litakiziba.

Muuzaji anataka nilipe yote leo, anasema kadi ya gari iko kwa ndugu yake na italetwa wiki ijayo.

Usilipe hata nusu. Subiri kadi, ulinganishe jina lililoandikwa na kitambulisho cha anayekuuzia, kisha usome namba iliyogongwa kwenye chesisi, ambayo kwa Hilux huwa upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Futa matope kwa kitambaa uisome tarakimu moja moja. Zikilingana, andikieni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na, kama uko Tanzania, uhamisho wa umiliki TRA (mamlaka ya mapato) uanze siku hiyo hiyo.