Fokasi ya otomatiki au ya mkono ukumbini?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Napiga video za harusi hapa Morogoro, peke yangu, kwa kamera ya kihisi cha ukubwa wa APS-C na lenzi ya 50mm f/1.8. Ukumbini fokasi inahangaika: mara imemshika bibi harusi, mara imerukia mapambo ya nyuma, mara picha nzima inaingia ukungu halafu inarudi. Rafiki yangu anasema wataalamu hawatumii otomatiki. Niizime?

JIBU: Usiizime, ndugu yangu. Rafiki yako hajakosea, ila kakupa nusu ya habari. Kwenye filamu kubwa anayezungusha pete ya fokasi si lazima awe yule aliyeshika kamera. Yuko msaidizi ambaye hiyo ndiyo kazi yake: kapima umbali kwa tepu, kaweka alama sakafuni, na mwigizaji kafanya mazoezi ya kusimama palepale. Wewe uko peke yako, na shangazi wa bibi harusi hafanyi mazoezi na mtu.

Mimi hujiuliza jambo moja tu: mtu wangu atakaa hapo alipo? Baba mzazi akisimama kutoa nasaha, hahami. Hapo otomatiki haina faida, ina hatari tu. Niliwahi kuiachia kamera hotuba ya namna hiyo. Kila mhudumu aliyepita na trei ya soda, kamera ilimfuata yeye, kisha ikachelewa kumrudia mzee. Kwenye kioo kidogo sikuona kitu. Niliona usiku kwenye kompyuta, na hotuba hairudiwi. Siku hizi naiacha otomatiki imshike mzee usoni, halafu nahamisha swichi ya lenzi kutoka AF (otomatiki) kwenda MF (mkono). Akisogea hatua, narudia.

Maharusi wakiingia wakicheza, mambo yanageuka. Wanakuja kwako, na mkono wako hautawafuata kwa f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi kiasi hicho. Hapo waachie otomatiki, lakini iambie unachotaka: washa utambuzi wa uso, punguza eneo la fokasi lisiwe kioo kizima, na kama kamera yako inaruhusu, punguza wepesi wake wa kuhama kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Ikiachwa bila maelekezo, kamera haijui bibi harusi ni nani. Taa zinazomeremeta nyuma yake nazo zinaivutia.

Ule ukungu unaokuja na kuondoka una sababu yake. Kamera inayotegemea kupima ukali wa kingo peke yake haijui isogeze lenzi mbele au nyuma. Inapita mahali penyewe, kisha inarudi. Gizani inasaka zaidi. Zenye kupima awamu ya mwanga, kama mfumo wa Dual Pixel ambao Canon waliuleta na EOS 70D mwaka 2013, hujua upande wa kwenda. Ikiwa yako ni ya aina ile ya kwanza, basi ukumbini tumia mkono zaidi kuliko nilivyosema hapo juu.

Lakini mimi naishuku f/1.8 yako kuliko kamera. Mtu akiwa mita 2 mbele yako, kwa lenzi hiyo sehemu inayoonekana kali ni kama sentimita 12 tu. Akiinamia keki, ametoka. Funga tundu hadi f/2.8 upate kama 18. Utapoteza zaidi ya nusu ya mwanga, kwa hiyo panda ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, au ongeza taa ndogo. Chenga kidogo zinazoletwa na ISO mteja anazivumilia, uso wenye ukungu hazoei.

Ukishika kwa mkono, washa ile alama ya rangi inayochora kingo zilizo kali. Usiweke tepu ya alama kwenye pete ya fokasi kabla hujaijaribu: lenzi nyingi za sasa pete yake inaongoza mota tu, ukiizungusha haraka fokasi inakwenda mbali kuliko ukiizungusha taratibu, na alama yako inakuwa ya uongo. Na siku ukinunua lenzi ya zumu, nyingi za picha mnato hupoteza fokasi ukivuta karibu. Vuta kwanza, fokasi baadaye.

Jumamosi isikukute unajaribu ukumbini. Mwombe mtu nyumbani aje kwako kutoka mlangoni, jioni, taa moja ikiwaka, na urekodi mara kumi.