Vidonge vya damu, kalsiamu na multivitamini: usivimeze kwa mkupuo

Dada mjamzito uliyeuliza kama unaweza kumeza vidonge vya damu, kalsiamu na multivitamini vyote usiku ili umalizane navyo: ningekushauri uvitenganishe. Kalsiamu inazuia madini chuma, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye vidonge vya damu, yasifyonzwe vizuri, hivyo utapata kero za kidonge cha damu bila faida yake yote. Chai na kahawa nazo ni hivyohivyo, zipishe saa moja au mbili.

Katika mimba zangu zote mbili chuma nilimeza usiku, maana asubuhi kichefuchefu hakikunipa nafasi. Kalsiamu nikaiweka kwenye milo ya mchana. Kalsiamu ya aina ya kaboneti hutaka chakula, na mwili hupokea vizuri kama miligramu 500 kwa mara moja, ndiyo maana dozi hugawanywa.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo multivitamini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mjamzito miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku, pamoja na maikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kidonge cha damu cha ferasi salfeti (aina mojawapo ya chuma) cha miligramu 200 kina chuma chenyewe kama miligramu 65, kwa hiyo tayari umefika. Multivitamini nyingi za wajawazito zina chuma tena, zinki tena, madini joto tena. Beba makopo yote kliniki. Mkunga wangu alizisoma lebo zangu moja moja, kopo moja akaniambia niliache. Vidonge vya mwani, ambavyo watu huviona salama kwa kuwa ni vya asili, vinaweza kuwa na madini joto mengi kiasi cha kuvuruga tezi ya shingo.

Damu ikipimwa ikakutwa imepungua, daktari anaweza kukupa chuma zaidi ya hapo. Hiyo ni tiba, usiipunguze kwa sababu ya maneno yetu humu.

Choo cheusi kisikushtue, ni chuma hicho. Kikiwa kigumu, ongeza maji na mboga, na uombe kubadilishiwa kidonge kabla hujaacha kimyakimya (wengi wetu ndipo tunapoachia). Anayetumia levothyroxine (dawa ya tezi ya shingo) aitenganishe na chuma na kalsiamu kwa saa nne.

Kama una mtoto mdogo nyumbani, vidonge vya damu vifungie. Vikizidi vinaweza kumuua. Akivimeza, mkimbize hospitali hata kama anacheza.