Gego la mwisho likikuuma, usiishie duka la dawa

Gego la mwisho, lile tunaloliita jino la hekima, huanza kuota mtu akiwa na miaka 17 hadi 25, na mara nyingi taya halina tena nafasi ya kulipokea. Basi linalala ubavu, au linachomoza nusu na kubaki limefunikwa na ufizi. Chakula kinajificha chini ya ufizi huo, mswaki haufiki, usaha unaanza. Langu la chini kushoto lilikuwa hivyo: kijiko kilipita mdomoni kwa taabu, na kila nikimeza mate, maumivu yalipanda hadi sikioni.

Dawa za kuua bakteria hupunguza uvimbe, lakini hazinyooshi jino lililolala, kwa hiyo maumivu hurudi. Yakirudi, fanya eksirei ya taya zima. Yangu ilionyesha jino limelala kabisa, kichwa kimegota kwenye gego la mbele yake. Muulize daktari mizizi iko karibu kiasi gani na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Mshipa huo ukijeruhiwa wakati wa kuling'oa jino, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache ganzi hiyo haiishi. Uliza kabla ya kutia saini fomu ya kukubali upasuaji.

Upasuaji wenyewe unaogopwa kuliko unavyostahili. Ufizi unachanwa, mfupa kidogo unaondolewa, jino linakatwa vipande na kutolewa, kisha ufizi unashonwa. Utasikia msukumo na mlio wa mashine. Ukisikia maumivu, inua mkono uongezewe ganzi, usijikaze.

Kazi kubwa iko nyumbani. Kidonda kinapona kwa sababu ya donge la damu linaloganda shimoni, kwa hiyo lilinde. Ng'ata gozi, kile kitambaa laini cha kidonda, kama ulivyoelekezwa, na siku ya kwanza usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Mimi nilikula uji wa vuguvugu na parachichi lililopondwa. Kesho yake ndipo uanze maji ya vuguvugu yenye chumvi, taratibu. Donge likitoka mapema, siku ya tatu hivi huja maumivu makali na harufu mbaya. Rudi kliniki wasafishe shimo na kuweka dawa. Na tafadhali, usibandike aspirini kwenye ufizi. Inauunguza.

Uvimbe ukishuka shingoni, ulimi ukiinuka au pumzi ikiwa nzito, nenda hospitali usiku huohuo.

Unaonitia hofu zaidi ni uvimbe wa taya usiouma. Watu hukaa nao miaka, meno yanalegea, uso unapinda, kwa kuwa tu hauwanyimi usingizi. Baadhi ni ameloblastoma, aina ya uvimbe unaoota ndani ya taya: haina kasi, lakini inakula mfupa. Ikikua sana, kipande kizima cha taya hukatwa na kuwekewa chuma, au mfupa unaotolewa mguuni. Ukiona uvimbe wa namna hiyo kwako au kwa mwanao, mwombe daktari wa meno wa wilaya rufaa ya kwenda kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya wiki hiyohiyo.