Nakala 1,000 au 3,000? Hesabu ya mchapishaji na mrabaha wako

SWALI: Riwaya yangu imeshapangwa, imetoka kurasa 214 za A5 pamoja na kurasa za mwanzo. Mwenye mtambo amenipa bei tatu: nakala 300 kwa dijitali, Sh 5,400 kila moja, nakala 1,000 kwa ofseti, Sh 3,300, nakala 3,000, Sh 2,100. Wakati huohuo yupo mchapishaji aliyeukubali mswada, lakini anataka kuchapa 1,000 tu, auze Sh 15,000, na mimi anipe mrabaha, yaani malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 ya "mapato halisi". Kwa nini aiache bei ya 2,100 achukue ya 3,300? Asilimia 10 si ndogo mno? Au nichape mwenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, bei ya 2,100 ni ya nakala iliyochapwa. Mchapishaji anaitazama nakala iliyouzwa, tena ambayo hela yake imeshaingia mkononi, na hapo ndipo mnapopishana.

Zifungue kwanza hizo bei. Nakala 1,000 ni Sh 3,300,000, nakala 3,000 ni Sh 6,300,000. Nakala 2,000 za ziada zimeongeza Sh 3,000,000, yaani 1,500 kila moja. Hiyo 1,500 ndiyo karatasi, wino, gundi na jalada. Toa 1,500 mara 1,000 kwenye ile 3,300,000, inabaki 1,800,000: pleti (bati za kuchapia), kuandaa mtambo, na karatasi zinazoharibika mpaka chapa ikae sawa. Hela hii inalipwa hata ungechapa nakala kumi. Ukishaijua, unaweza kukadiria bei ya idadi yoyote bila kupiga simu. Nakala 2,000, kwa mfano, zitakuja kwenye 4,800,000. Utaona pia mahali dijitali inapoacha kufaa: kwa 5,400 kila nakala, ofseti inakuwa nafuu ukishavuka nakala 460 hivi.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mchapishaji. Akichapa 1,000 zikaisha, akarudi kuchapa 2,000 nyingine, atailipa ile 1,800,000 mara ya pili. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mwoga. Akichapa 3,000 kwa mpigo na soko likachukua 1,000 tu, amezika 3,000,000 kwenye maboksi. Gawanya 3,000,000 kwa jumla ya hasara zote mbili, 4,800,000, utapata 0.625. Maana yake, kabla ya kuchapa 3,000 inampasa awe na uhakika wa zaidi ya asilimia 62 kwamba zote zitakwenda, na hapo hatujagusa riba ya benki wala kodi ya stoo. Kwa riwaya ya kwanza ya mwandishi ambaye jina lake bado halijasikika, sioni mchapishaji makini wa kuwa na uhakika huo.

Kuna na suala la hela kukaa nje. Maduka mengi ya vitabu huchukua riwaya kwa mali kauli: yanapokea nakala leo, yanalipa zikishauzwa, na zisizouzwa zinarudi, nyingine zimekunjika pembe au zimebanduka bei na kuacha gundi juu ya jalada. Kati ya siku ya kumlipa mwenye mtambo na siku hela inarudi kamili, mwaka unaweza kuisha. Na mzigo wenyewe si mdogo. Kitabu chako kwa karatasi ya gramu 80 (kwa mita ya mraba) kitakuwa na uzito wa gramu 290 hivi, kwa hiyo nakala 3,000 zinakaribia kilo 900. Kwenye boksi za nakala 40, hizo ni boksi 75 zinazotaka chumba kikavu, ziinuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Unyevu wa pwani unapinda majalada, na mchwa hawabagui fasihi.

Angalia sasa atarudisha lini gharama. Tuseme uhariri, upangaji wa kurasa na usanifu wa jalada vimemgharimu 2,400,000. Dukani anatoa punguzo la asilimia 35, kwa hiyo kila nakala ya 15,000 inamwingizia 9,750. Akikupa wewe asilimia 10 ya hiyo, 975, anabaki na 8,775. Kwa nakala 1,000 ametumia jumla 5,700,000, hivyo anahitaji kuuza nakala 650 ndipo afike sifuri. Toa kama nakala 50 za bure (za maktaba kwa mujibu wa sheria, za wahakiki, zako wewe), ana 300 tu za kumletea faida. Kwa nakala 3,000 anahitaji kuuza 992 kabla ya kuona shilingi. Ndiyo sababu anachagua bei inayoonekana ghali.

Kuna kitu kimoja kinachoweza kupindua hesabu hii yote: shule. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vinavyosomwa madarasani, 3,000 inakuwa idadi ndogo. Kwa Tanzania njia hiyo inapita Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa Kenya inapita KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala ya huko. Lakini usichape kwa matumaini ya kuteuliwa. Uteuzi ukitangazwa, kuchapa upya huchukua wiki chache tu. Usipotangazwa, maboksi yatakaa miaka.

Kuhusu asilimia 10, namba yenyewe ni ya kawaida kabisa katika biashara hii. Kinachotakiwa kukukosesha usingizi ni yale maneno mawili yanayoifuata. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,500 kwa nakala. Asilimia 10 ya fedha anayopokea mchapishaji baada ya punguzo la duka ni 975. Na ikiwa mkataba unaruhusu atoe kwanza uchapaji (3,300) na usafirishaji, tuseme 700, basi "mapato halisi" yamekuwa 5,750 na wewe unapata 575. Namba ni ileile kumi, malipo ni tofauti karibu mara tatu. Mtake aandike hivi, au kwa maana hii: "mapato halisi ni fedha yote anayopokea Mchapishaji kutokana na mauzo ya Kitabu, baada ya kutoa punguzo la muuzaji pekee." Ukishapata sentensi hiyo, ongelea asilimia. Ili ulingane na mwenzako anayelipwa kumi ya bei ya jalada ungehitaji 15.4 ya mapato halisi. Kuomba 15 si ujeuri. Akikataa, pendekeza ngazi: 10 kwa nakala 1,000 za kwanza, 12.5 hadi 3,000, 15 baada ya hapo. Mchapishaji hukubali ngazi kwa urahisi, kwa sababu analipa zaidi pale tu kitabu kinapokuwa kimeshamrudishia gharama zake.

Kuchapa mwenyewe kunawezekana, ila inategemea utauza wapi. Nakala 300 za dijitali ni 1,620,000. Ongeza ile 2,400,000 ya uhariri na usanifu (usiikwepe, kitabu kisichohaririwa kinajulikana ukurasa wa pili), jumla 4,020,000. Ukiuza mkononi kwa 15,000, nakala 268 zinarudisha fedha yako. Ukipeleka madukani kwa 9,750, hata zikiisha zote 300 utapata 2,925,000, hasara ya zaidi ya milioni moja. Kwa idadi hiyo, duka ni la kukutangaza tu. Kama una kanisa, chuo, chama au wafuasi wa mtandaoni watakaonunua kwako moja kwa moja, chapa. Kama huna, bei ya dijitali itakumaliza. Kipimo cha haraka wanachotumia wengi ni bei ya jalada kuwa mara nne hadi tano ya gharama ya kuchapa nakala moja: kwa 3,300 unaangukia kati ya 13,200 na 16,500, ndipo ilipotoka 15,000 yake. Kwa 5,400 ungeanzia 21,600, na wasomaji wa riwaya watasita.

Vyovyote utakavyoamua, rekebisha kurasa 214 kabla ya mtu yeyote kuchapa. Karatasi ya mtambo hukunjwa kuwa kurasa 16 au 32. Kwa 16, kitabu chako kitapanda hadi 224, na kurasa kumi tupu utazilipia. Ukipunguza kurasa sita ufike 208, umeokoa mkunjo mzima, karibu asilimia 7 ya karatasi ya ndani. Mpangaji anaweza kuzipata bila kugusa herufi: sura zisianze lazima ukurasa wa kulia, na kurasa zenye mistari miwili mitatu mwishoni mwa sura zivutwe nyuma. Muulize mwenye mtambo anakunja ngapi, maana kwa 32 hesabu inabadilika: 224 ni mikunjo saba kamili, ilhali 208 ni sita na nusu. Msanifu wa jalada naye asimalize kazi kabla karatasi haijachaguliwa. Kurasa 208 ni majani 104. Kwa jani la gramu 80 lenye unene wa milimita 0.1 hivi, uti (mgongo) wa kitabu ni kama milimita 10.4. Karatasi ikibadilishwa dakika za mwisho, jina lililo kwenye uti linahamia mbele ya kitabu. Mwambie pia mwenye mtambo nyuzi za karatasi zielekee sambamba na uti. Zikienda kinyume, kitabu hakilali kikifunguliwa, kurasa zinafanya mawimbi, na gundi hupasuka mapema.

Ukienda na mchapishaji, usimpe haki zote kwa sababu tu fomu yake imezitaja. Mpe kitabu cha karatasi kwa Kiswahili, kwa muda, miaka mitano au saba. Tafsiri, sauti, filamu na toleo la kidijitali ziwe na vifungu vyake, au zibaki kwako kama hana mpango nazo. Kifungu ninachokiona kimesahaulika mara nyingi ni cha kitabu kuisha: nakala zikipungua chini ya 50, ukamwandikia, na ndani ya miezi sita hajachapa tena, haki zirudi kwako bila mjadala. Bila hicho, mchapishaji wa nakala 1,000 anaweza kukaa na riwaya yako miaka bila kuichapa na bila kuiachia.

Andikeni pia tarehe ya taarifa ya mrabaha, mfano hesabu zifungwe 31 Desemba na malipo yafanyike ndani ya siku 90. Taarifa ionyeshe nakala zilizochapwa, zilizouzwa, za bure, zilizo madukani kwa mali kauli na zilizobaki stoo. Namba nne za mwisho zikijumlishwa lazima zilingane na ya kwanza, ukiongeza zilizoharibika. Upewe haki ya kuona ankara ya mwenye mtambo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayothibitisha ngapi zilichapwa. Kodi ya zuio itakatwa kwenye mrabaha wako. Dai cheti chake kila mara. Na kabla ya kusaini, mwombe akuonyeshe taarifa ya mrabaha aliyowahi kumtumia mwandishi mwingine, jina likiwa limefunikwa. Kama hana hata moja ya kuonyesha, rudi kwenye bei ya nakala 300 uanze kuorodhesha watu watakaonunua kwako mkononi.