Wasomaji Wanauliza: Treni za Kaskazini mwa Uingereza ni za Nani?

Toleo lililopita tuligusia kampuni za treni za abiria zinazorudishwa serikalini nchini Uingereza. Barua zilizofuata, nyingi zimeuliza juu ya Northern, yaani treni za kawaida za Leeds, Manchester, Newcastle na miji iliyo katikati. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Nimeishi Leeds tangu 2003. Treni ya kwenda Skipton imebadilishwa jina mara tatu, lakini makondakta ni wale wale. Mwenye mali ni nani hasa? (Msomaji, Leeds)

Mwenye mali si yule aliyeandikwa ubavuni mwa behewa. Treni za umeme za njia ya Skipton, za aina inayoitwa daraja la 333, zimekodiwa kutoka Angel Trains, kampuni ambayo kazi yake ni kukodisha treni. Njia, mataruma, taa za ishara na sehemu kubwa ya majengo ya stesheni ni za Network Rail, shirika la umma. Mwenye jina ana mkataba wa kuendesha tu. Anailipa kampuni inayomkodisha treni, anailipa Network Rail kwa kupita njiani, analipa mishahara, anakusanya nauli, na pengo linalobaki linazibwa na ruzuku ya serikali. Kwa njia za kaskazini nauli peke yake haijawahi kutosha.

Mpangilio huo ulizaliwa na Sheria ya Reli ya 1993, iliyoivunja British Rail, shirika la reli la taifa, na kuzigawa huduma za abiria katika mikataba 25. Kaskazini ilipata miwili, yote ikaanza Machi 1997. Ule wa mashariki, wenye Leeds, York na Newcastle, ulichukuliwa na MTL, kampuni ya mabasi ya Liverpool, ambayo mwaka 1998 iliupa jina la Northern Spirit. MTL ikaelemewa, Arriva ikainunua mwaka 2000, na mwaka uliofuata jina likawa Arriva Trains Northern. Hiyo ndiyo uliyoikuta. Wa magharibi, wenye Manchester, Blackburn na Chester, ulianza kama North Western Trains. Kampuni mama yake ilinunuliwa na FirstGroup mwaka 1998, na jina likageuka First North Western.

Mwaka 2004 ramani ilichorwa upya. Treni za masafa marefu za kuvuka vilima vya Pennine zilitengwa Februari zikawa TransPennine Express. Zilizobaki, za mashariki na magharibi, zikaunganishwa tarehe 12 Desemba kuwa Northern Rail, ubia wa nusu kwa nusu kati ya Serco na NedRailways, tawi la reli za Uholanzi ambalo baadaye liliitwa Abellio. Tarehe 1 Aprili 2016 Arriva ikarudi ulingoni, safari hii ikiwa mali ya reli za Ujerumani. Kwa hiyo, katika ule uliotangazwa kuwa ubinafsishaji, mashirika ya umma ya nchi jirani yaliruhusiwa kuendesha treni za Yorkshire, na la umma la Uingereza lenyewe halikuruhusiwa. Tangu 1 Machi 2020 mwendeshaji ni Northern Trains, kampuni ya serikali.

Mkataba unapobadilika mikono, usiku ule kunafanyika nini? Treni zinasimama? (Msomaji, Sheffield)

Hazisimami. Makabidhiano hufanyika saa nane usiku, wakati treni nyingi za abiria zimelala karakana. Wafanyakazi huhamia kwa mwajiri mpya wakiwa na masharti yao yote ya kazi, kwa nguvu ya sheria ya uhamisho wa ajira. Mikataba ya kukodi treni na ya stesheni nayo huhamishwa. Tiketi iliyouzwa na kampuni ya zamani lazima iheshimiwe na mpya, na kwa tiketi za msimu ambazo muda wake haujaisha, hesabu ya fedha hufanywa kati ya kampuni hizo mbili. Abiria anachokiona ni kitambulisho kipya shingoni mwa kondakta na, miezi kadhaa baadaye, rangi.

Tatizo huwa kabla ya usiku huo. Mwendeshaji aliyebakiza mwaka mmoja hana sababu ya kibiashara ya kufundisha madereva ambao watakuja kumfaa mshindani wake. Kumfundisha dereva mpya huchukua zaidi ya mwaka, kwa hiyo upungufu unaoonekana leo mara nyingi ulipandwa na kampuni ambayo imekwisha ondoka.

Kwa nini Jumapili treni za Blackburn na Bolton hufutwa ovyo, na za Leeds afadhali? Si kampuni moja? (Msomaji, Blackburn)

Hili ndilo swali lililotufurahisha kuliko yote, kwa sababu jibu lake ni historia tupu.

Kampuni ni moja, lakini makubaliano ya kazi ni ya kampuni mbili zilizokufa. Upande wa mashariki, Jumapili ya kondakta imo ndani ya wiki yake ya kazi: akipangwa, anakuja. Upande wa magharibi, kwa makubaliano yaliyorithiwa, Jumapili iko nje ya wiki. Ni kazi ya hiari yenye malipo ya ziada, na kondakta akikataa hajavunja mkataba wowote. Jumapili yenye mechi kubwa, au iliyo karibu na Krismasi, wanaojitolea hupungua na treni zinafutwa.

Zilipounganishwa mwaka 2004, sheria ile ile inayomlinda mfanyakazi ilibeba masharti ya kila upande kama yalivyokuwa. Kuyalinganisha kunataka mambo mawili kwa pamoja: kuajiri makondakta zaidi, kwa sababu Jumapili ikiingia ndani ya wiki lazima siku nyingine itoke, na kuwalipa waliopo ili wakubali. Faida yake huja polepole, lakini gharama ni ya mwaka wa kwanza. Serco na Abellio hawakulimaliza suala hilo, Arriva hawakulimaliza, na serikali ililipokea likiwa bado bichi. Kwa hiyo anayedhani kubadilisha mwenye mkataba kunatibu Jumapili za Lancashire, yaani upande wa Blackburn, anatafuta ugonjwa mahali usipokaa.

Ni kweli kwamba zamani tulipanda mabasi yaliyowekwa juu ya reli? (Msomaji, Manchester)

Ni kweli, na si zamani sana. Ziliitwa Pacer. British Rail ilizitengeneza miaka ya 1980 kwa bei ya chini, na zile za daraja la 142 zilijengwa kati ya 1985 na 1987 kwa kutumia vipande vya bodi la basi la Leyland National. Behewa la kawaida hukaa juu ya boji mbili, kila boji ikiwa na ekseli mbili na uwezo wa kugeuka kufuata kona. Pacer haikuwa na boji. Kila behewa lilikuwa na ekseli mbili tu, zilizofungwa moja kwa moja kwenye fremu na kuachana mbali. Ikiingia kona kali, magurudumu hayawezi kuifuata njia vizuri, yanasugua ubavu wa reli, na ndiyo ile kelele ya kutoboa masikio. Kwenye maungio ya reli, mtikiso wote ulipanda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Kwa nini zilidumu zaidi ya miaka 30? Mkataba wa 2004 uliandikwa kwa dhana kwamba abiria hawataongezeka, na kwa hiyo haukudai treni mpya. Abiria wakaongezeka mwaka hadi mwaka. Serco na Abellio walikuwa na mkataba usiozidi miaka tisa, uliokuja kunyooshwa kidogo kidogo hadi Machi 2016, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeagiza treni ya kutumika miaka 35 kwa mkataba wa namna hiyo bila serikali kumwamrisha. Amri ilikuja katika mkataba wa Arriva: Pacer zote 102 ziondoke kufikia mwisho wa 2019, na ziletwe treni mpya 101 kutoka kiwanda cha CAF cha Hispania. Treni hizo zilianza kubeba abiria 1 Julai 2019, zikiwa zimechelewa. Kwa sababu hiyo Pacer ziliombewa msamaha wa sheria ya huduma kwa watu wenye ulemavu, na kwa Northern safari ya mwisho ilikuwa Novemba 2020.

Mwaka 2018 kulikuwa na vurugu ya ratiba mpaka Arriva ikanyang'anywa. Nini kiliharibika? (Msomaji, Bolton)

Tatizo lilianzia chini ya ardhi, hapo hapo kwenu. Njia ya Manchester hadi Preston kupitia Bolton ilikuwa inawekewa nyaya za umeme, na nguzo zilishindwa kusimama kwa wakati kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu kuliko ilivyopimwa, na mahali pengine ilikuwa na mashimo ya migodi ya kale. Ratiba mpya ya Mei 2018 ilikuwa imepangwa kwa kudhani umeme upo. Mwezi Januari ikathibitika kwamba hautakuwapo.

Ratiba ya Uingereza huanza kuandaliwa yapata wiki 40 kabla, na abiria anapaswa kuiona wiki 12 kabla. Northern ilibidi ipange upya karibu kila kitu katika muda uliobaki. Treni za dizeli zilizotarajiwa kuhamishiwa njia nyingine zikabaki Bolton, na zamu za madereva zikachanika.

Hapo ndipo penye kiini. Dereva hawezi kupewa njia yoyote tu. Treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa huhitaji zaidi ya nusu kilomita kusimama kwa breki ya kawaida, kwa hiyo dereva huanza kushika breki kabla hajaiona stesheni. Lazima ajue kwa moyo kila taa ya ishara, kila mteremko, kila kikomo cha mwendo, na atie saini kwamba anaijua njia hiyo. Ratiba mpya iliwapeleka mamia ya madereva kwenye njia wasizotia saini, na mafunzo hayakuwahi. Juu ya hayo, makubaliano ya kufanya kazi siku za mapumziko yalikuwa yamekwisha Februari na hayakuwa yamefanywa upya.

Ratiba ikaanza 20 Mei. Tarehe 4 Juni Northern ikaondoa treni 165 kwa siku ili walau zilizobaki ziwe za kutegemewa. Njia ya Windermere ilibaki na mabasi peke yake hadi kampuni ya treni za matembezi ilipokodiwa kuihudumia kwa muda. Uchunguzi wa mdhibiti wa reli ulisema kwamba hakuna aliyeshika usukani wa mfumo mzima, si Network Rail, si Wizara ya Uchukuzi, si kampuni zenyewe. Arriva ilikuwa na makosa yake, lakini kuisukumia nguzo za Bolton ni kuionea. Januari 2020 serikali ilitangaza kwamba mkataba, uliokusudiwa kufika 2025, utakatishwa.

Je, hii si sawa na ya RITES hapa Tanzania au ya Rift Valley Railways kule Kenya na Uganda? (Msomaji, Morogoro)

Mwisho unafanana, mwanzo haufanani. Rift Valley Railways ilianza Novemba 2006 na TRL, kampuni ya reli ya Tanzania iliyomilikiwa na RITES ya India kwa asilimia 51 na Serikali kwa 49, ilianza Oktoba 2007. Zote mbili zilikodishiwa kwa miaka 25. Mali ilibaki ya umma kwenye makaratasi, lakini mwendeshaji alipewa njia, vichwa, mabehewa na karakana kwa pamoja, pamoja na mzigo wa kuvitengeneza. Mapato yalitegemea mizigo, na abiria walikuwa wajibu ulioambatanishwa. Mafuriko yalipoibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mwendeshaji alikosa njia na mapato kwa mkupuo mmoja. Northern ikikatikiwa njia na mafuriko, ukarabati ni wa Network Rail, na Northern hufidiwa kwa kanuni iliyoandikwa.

Tofauti nyingine ni ya kisheria. Kifungu cha 30 cha ile sheria ya 1993 kiliitaka serikali ya Uingereza kuhakikisha huduma inaendelea mkataba unapoanguka bila mrithi, na ilikuwa na kampuni iliyowekwa tayari kwa kazi hiyo. Kwetu, RITES waliondoka na vichwa vya treni vikiwa haba, na marekebisho makubwa yalikuja na sheria ya 2017 iliyoirudisha TRC, Shirika la Reli Tanzania.

Treni yangu ya kutoka Huddersfield huchelewa kila wiki. Nidai kwa nani, Northern au TransPennine? (Msomaji, Huddersfield)

Dai kwa mwenye treni iliyokuchelewesha, hata kama tiketi uliinunua kwa mwingine. Ukichelewa kufika kwa dakika 15 hadi 29, Northern hurudisha robo ya nauli ya safari hiyo. Dakika 30 hadi 59, nusu. Saa moja kwenda juu, yote. Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, nusu yake ndiyo huhesabiwa kuwa nauli ya upande mmoja, ila ukichelewa saa mbili au zaidi hurudishiwa tiketi nzima. Una siku 28. Piga picha ya tiketi kabla mashine ya kutokea haijaimeza.

Angalia jambo moja hasa kwa Jumapili: kuchelewa hupimwa kwa ratiba iliyotangazwa hadi saa nne usiku wa jana yake. Treni ikifutwa kabla ya hapo, haihesabiki kuwa imechelewa. Ukiamua kutosafiri kabisa kwa sababu hiyo, usijaze fomu ya fidia ya kuchelewa. Omba kurudishiwa nauli nzima pale uliponunua tiketi, bila makato.