Duka ni la shemeji na bei yake ndiyo ya chini: ubaya uko wapi?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna ubaya wowote kwa mjumbe wa kamati ya manunuzi ya ujenzi wa madarasa kupitisha duka la shemeji yake, ikiwa bei yake ni ya chini kuliko zote na duka lenyewe si lake yeye. Nakujibu kwa yaliyonipata, maana swali hilo nami niliwahi kujiuliza kimoyomoyo, nikajijibu vibaya.

Mtaa wetu, pembezoni mwa Jiji la Tanga ukielekea Horohoro, uliletewa fedha za kumalizia zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa wenyewe na fundi anakuwa wa hapa hapa. Zikaundwa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, nami nikawekwa kwenye manunuzi. Profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka madukani, za saruji na nondo zilipofika mezani, ya shemeji yangu ilikuwa ya chini. Sikumpigia debe, lakini pia sikusema lolote. Niliona kwamba kutaja undugu wetu kungeanzisha maneno yasiyokuwapo, nikasaini pamoja na wenzangu. Mzigo ulikuja kamili na kamati ya mapokezi ikauhesabu mfuko kwa mfuko.

Miezi michache baadaye kazi ilikwama kwa sababu ya mabati, ambayo hayakuhusiana kabisa na duka lile. Katika mkutano wa hadhara akasimama mzee mmoja akaniuliza, kwa upole tu: "Mwanangu, mwenye duka la saruji si ndiye aliyemwoa dada yako?" Nikaanza kueleza bei. Akanikatiza: "Bei sikuuliza." Kuanzia hapo hakuna hesabu iliyoaminika, hata ya wale waliohesabu mifuko, ambao hawakuwa na kosa lolote, na ambao hadi leo wawili kati yao hunisalimu kwa shingo upande.

Utetezi wako kwamba duka si lako ni dhaifu kuliko unavyodhani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipomkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, lilimhesabu pamoja na mwenzi wake, kwa kuwa waliolitunga walijua mali inavyohamia jina la wa nyumbani. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, kisha ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Na. 13 ya 1995, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Zamani ulikatazwa kuwa nacho. Sasa unaruhusiwa, mradi ukitaje. Ukinyamaza, umeondoa kinga pekee iliyobaki. Mjumbe wa kamati kama yako si kiongozi anayetajwa na sheria ile, lakini fedha unazozigusa ni za umma vilevile.

Utasikia watu wakisema kwamba kila mwenye undugu akijitoa, huku kwetu kamati zitabaki viti vitupu. Hoja hiyo ina ukweli, nami siipuuzi: kati ya Wadigo, Wabondei na Wasegeju walivyooana hapa, sijui ni mwenye duka gani nisiyeweza kumwita mjomba au mtani. Ndiyo maana sisemi ujitoe kwenye kamati. Sema tu undugu huo kabla profoma hazijafunguliwa (ukisema baada ya kuziona bei, utaonekana umelazimika), uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, kisha utoke chumbani wenzako wakiamua juu ya kifaa hicho. Usikae kimya kwenye kona ukidhani kutonyoosha mkono kunatosha, kwa sababu sura yako pale ndani inaweza kusema zaidi ya mkono.

Mwaka uliofuata, kwenye vyoo vya shule, nilifanya hivyo. Nilikaa nje chini ya mwembe kama dakika arobaini, wenzangu wakalichagua duka jingine lililokuwa karibu na kutusafirishia mzigo bure. Shemeji alinuna hadi Idi. Mkutano wa hadhara uliposomewa muhtasari, mzee yule yule aliuliza habari ya milango ya vyoo, akaketi.