Kupanua kituo cha afya katikati ya nyumba za watu

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Nasimamia upanuzi wa kituo cha afya hapa Mtwara mjini, wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani tunaajiri mafundi wenyewe bila mkandarasi mkuu. Huduma haziruhusiwi kusimama. Nyuma kuna nyumba tatu lazima zipishe, na majirani wengine wameshaanza kulalamika kabla hatujachimba. Fedha zimeingia, nasukumwa nianze. Nianzie wapi?

JIBU: Njema, dada. Wanaokusukuma wanataka kuona msingi. Wewe anza na vitu vitatu visivyoweza kukatika: njia ya gari la wagonjwa, maji na umeme. Vituo vya zamani mara nyingi havina michoro ya kuaminika, kwa hiyo zunguka kiwanja na fundi bomba aliyekaa hapo muda mrefu, kisha mchimbe kwa mkono mashimo ya majaribio kabla kijiko, yaani mashine ya kuchimba, hakijaingia. Lori la mchanga lisitumie geti moja na wagonjwa. Ikibidi vunja kipande cha ukuta upande mwingine. Siku ya kuhamisha nyaya isiwe na upasuaji wa kupangwa, na jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo wote. Kuiwasha na kuisikia inanguruma si kuijaribu.

Vumbi ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Ukibomoa ukuta wa zamani unarusha vijimbegu vya kuvu kama Aspergillus, vinavyoweza kumuua mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Ziba kwa nailoni nzito kuanzia sakafuni hadi darini, funga madirisha yanayotazama kazi, lowesha kifusi, na usiruhusu ufagio mkavu. Paa la zamani likiwa la asbesto, yafunguliwe mabati mazima yakiwa yameloweshwa, na wataalamu waitwe. Kwenye fosi akaunti mwashi ana mkataba wake, wa umeme ana wake, wa kupaua ana wake, na vumbi halina mwenyewe. Mteue mtu mmoja, afadhali muuguzi wa kudhibiti maambukizi, na kila mkataba uandikwe kwamba anaweza kusimamisha kazi.

Nyumba tatu zile: kijiko kisizikaribie mpaka hela zimo kwenye akaunti za wenyewe. Fidia si thamani ya ardhi na jengo peke yake. Kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, na ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi mara 36. Mwenye duka barazani anadai faida halisi ya mwezi mara 36. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini ukifikisha miaka 2 bila kulipwa unarudiwa. Ndiyo maana ningejenga kwanza upande ulio wazi.

Majirani wanaobaki wasikilizwe kupitia mwenyekiti wa mtaa, mkubaliane saa za kelele, na Ijumaa adhuhuri mashine zizimwe. Lakini kikao hakizuii maji. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 600 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 30,000. Kama mfereji wako unaishia uani kwa mtu, malalamiko yake ni ya haki. Weka matangi, na yanayozidi yaende kwenye mfereji wa barabara au shimo la kunyonya lililo mbali na misingi. Kichomea taka nacho kipangwe kwa pepo zote mbili: bomba lisilomsumbua mtu wakati wa kusi linaweza kumfukiza jirani mwingine ikija kaskazi.

Kokoto agiza sasa hivi. Ikifika Oktoba malori mengi yatakuwa kwenye korosho, na nauli unayotajiwa leo hutaisikia tena mpaka msimu uishe.